Kurasa zilizoandikwa zikaonekana safi: uchambuzi wa ukaguzi wa kiraka kimoja cha kerneli

Kisa hiki kinahusu kiraka kifupi, yaani badiliko dogo la msimbo, kilichobadilisha namna kerneli ya Linux (programu ya msingi ya mfumo endeshi) inavyofuatilia kurasa za kumbukumbu zilizoandikwa. Majina ya watu, shirika na wateja yameondolewa, na maelezo machache ya huduma yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Mambo ya kerneli na ya prosesa yameachwa yalivyo, kwa sababu ndiyo yanayofundisha.

## Usuli

Timu ndogo iliyoko Kisumu inaendesha huduma inayopokea vipimo vya maziwa kutoka vituo vya ukusanyaji upande wa Nandi na Kakamega. Leja ya siku hukaa kwenye kumbukumbu na kuandikwa diskini kwa mafungu. Seva kuu iko Kisumu, ya akiba iko Nakuru. Stima ikipotea na jenereta ikakataa kuwaka, betri za UPS zinatoa dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo hali nzima ya huduma inapaswa kuwa imefika Nakuru ili iendelee pale ilipoachia.

Mchakato wa huduma hiyo, yaani programu yake inayokimbia, una takriban GiB 6 za kumbukumbu. Kuzisafirisha zote wakati stima imeshapotea ni kujidanganya. Kwa hiyo timu iliandika chombo chake cha kupiga picha za mchakato: picha ya kwanza hubeba kila kitu, na zinazofuata hubeba kurasa zilizobadilika tu tangu picha iliyotangulia. Chombo huugandisha mchakato kwa kuandika 1 kwenye faili ya `cgroup.freeze`, hunakili kurasa zilizobadilika, huzima alama za mabadiliko, kisha huuachilia uendelee.

Kati ya hizo GiB 6, GiB 4 ni akiba ya majedwali ya bei na wakulima, ambayo yanaweza kujengwa upya kutoka diskini. Hazihitaji kuwa ndani ya picha hata kidogo. Lakini njia ya kawaida ya kerneli ya kuzima alama hugusa mchakato mzima, kwa hiyo kila baada ya picha hata akiba hiyo ilikuwa inalipa gharama. Hapo ndipo kiraka kilipozaliwa.

Seva zote zilikuwa kwenye Linux 5.15, toleo la muda mrefu lililotoka Oktoba 2021, juu ya prosesa za x86-64. Kuanzia 6.7 kerneli ina mwito (njia ya programu kuiomba kerneli kazi) wa `PAGEMAP_SCAN`, unaosoma na kuzima alama kwa safu ya anwani katika tendo moja, na ungepunguza sana haja ya kiraka. Kupanda toleo kuliahirishwa kwa kuwa kiendeshi cha kadi ya diski kilijengwa kwa 5.15 pekee.

## Kerneli inajuaje kwamba ukurasa umeandikwa

Ukurasa mmoja ni baiti 4096, kwa hiyo GiB 6 ni kurasa 1,572,864. Kila ukurasa ulio kwenye kumbukumbu una ingizo katika jedwali la kurasa: anwani halisi, pamoja na biti za hali. Kwenye x86 biti ya 1 ndiyo ruhusa ya kuandika, na biti ya 6 huwashwa na prosesa yenyewe ukurasa unapoandikwa. Biti ya 6 haifai kwa kazi ya picha, maana kerneli inaitegemea kuamua kurasa zipi zirudishwe diskini. Tangu toleo 3.11 la mwaka 2013 kuna alama nyingine, ya programu tupu, inayokaa biti ya 11. Prosesa haiangalii kabisa biti hiyo.

Ukiandika 4 ndani ya `/proc/PID/clear_refs`, kerneli inazima alama hiyo kwa kila ukurasa na papo hapo inaondoa ruhusa ya kuandika. Uandishi wa kwanza unaofuata unagonga ukuta: prosesa inakatiza kazi, kerneli inaingia, inarudisha ruhusa na kuwasha alama. Baadaye msomaji hufungua `/proc/PID/pagemap`, penye baiti 8 kwa kila ukurasa, na kutazama biti ya 55.

Kila kitu kinategemea ukatizo ule. Usipotokea, alama haiwaki, na hakuna daftari jingine litakaloonyesha kwamba ukurasa uliandikwa.

Tatizo ni kwamba prosesa haisomi jedwali kila inapogusa kumbukumbu. Ina TLB, akiba ndogo ya tafsiri za anwani ilizotumia karibuni, pamoja na ruhusa zake. Ni kama karani wa kituo cha maziwa aliyekariri namba za wakulima: ukibadilisha daftari bila kumwambia, ataendelea kuandika kwa namba za jana na hataona kosa lolote. Kumwambia karani ni kufagia TLB. Kila kiini cha prosesa kina TLB yake, na kwenye x86 kerneli ya 5.15 hufagia TLB ya kiini kingine kwa kukitumia ukatizo na kusubiri kijibu.

## Kiraka kilichopendekezwa

Mwandishi wa kiraka aliongeza mwito mpya unaopokea anwani ya mwanzo na ya mwisho, ukazima alama ndani ya safu hiyo tu. Nia ilikuwa njema na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kuondoa ruhusa ya kuandika kwenye GiB 4 za akiba kunamaanisha kurasa 1,048,576, na kila inayoandikwa baadaye italeta ukatizo usio na faida kwa mtu yeyote.

Lakini kiraka hakikuishia hapo. Kilikuwa na mambo mengine matatu, na mawili hayakutajwa kwenye maelezo yake.

Jambo lililotajwa: ufagio wa TLB uliondolewa. Maelezo yalisema mchakato umegandishwa, hakuna uzi wake (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato) unaokimbia, na kiini kitakapohamia kazi nyingine tafsiri za zamani zitajifuta zenyewe. Kwa hiyo `flush_tlb_mm`, kazi ya kerneli inayofanya ufagio huo, ni gharama ya bure.

La pili: msimbo wa kutembea kwenye jedwali ulikuwa umeigwa kutoka mfano wa kerneli ya zamani, 5.4. Ulichukua kufuli ya `mmap_lock`, inayolinda ramani ya kumbukumbu ya mchakato, kwa uandishi wakati wa kubadilisha bendera za maeneo, kisha ukaishusha kuwa ya usomaji kabla ya kutembea.

La tatu lilitokana na uigaji huohuo. Ukaguzi wa kurasa zilizobanwa kwa ajili ya DMA (kifaa kuandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila prosesa) haukuwepo, kwa sababu kwenye 5.4 ulikuwa bado haujaandikwa.

## Raundi ya kwanza

Mkaguzi wa kwanza alipitisha `checkpatch.pl`, chombo cha kukagua mtindo wa msimbo, akaomba jina la kigezo libadilishwe, akauliza kwa nini safu hailazimishwi kuanza kwenye mpaka wa ukurasa. Swali hilo la mwisho lilikuwa zuri na lilijibiwa kwa mstari mmoja. Kisha akatazama matokeo ya majaribio yaliyoambatishwa: picha, kurejesha, kulinganisha, na hakuna tofauti hata moja. Akaidhinisha.

Majaribio yale yalifanyika kwenye mashine pepe yenye kiini kimoja, na kielelezo cha prosesa ambacho hakikuwa na PCID, uwezo wa TLB utakaoelezwa hapa chini. Habari hizo zote mbili zilikuwepo kwenye kumbukumbu ya jaribio, mistari ya juu kabisa. Hakuna aliyezisoma kama sehemu ya matokeo.

## Raundi ya pili

Kanuni ya timu inataka wakaguzi wawili kwa chochote kinachogusa folda ya `mm/`, yenye msimbo wa kumbukumbu. Mkaguzi wa pili hakuanza na msimbo. Alianza na ile sentensi ya maelezo, akaigawa katika madai matatu: kwamba mchakato umegandishwa, kwamba hakuna uzi unaokimbia, na kwamba tafsiri za zamani zitajifuta.

Dai la kwanza, na la pili linalolitegemea, aliyaacha yasimame kwa chombo cha timu, akayakataa kwa kerneli. Mwito wa kerneli hauwezi kutegemea adabu ya anayeuita. Hakuna kilichomzuia mwingine kuutumia juu ya mchakato unaokimbia, na kiraka hakikukagua hali ya ugandishaji popote.

Dai la tatu ndilo lililokuwa na sumu. Zamani, prosesa ya x86 ilipobadilisha mchakato kwa kuandika rejista ya CR3, inayoonyesha jedwali la kurasa linalotumika, tafsiri zote zisizo za jumla zilifutika. Dai lingekuwa karibu na ukweli. Tangu toleo 4.14 la mwaka 2017 Linux inatumia PCID, namba inayobandikwa kwenye kila tafsiri ili michakato kadhaa ikae pamoja ndani ya TLB. Kerneli huweka nafasi 6 za namna hiyo kwa kila kiini. Mchakato ukirudi kwenye kiini kilekile, kerneli inalinganisha kizazi cha TLB cha mchakato na kile kiini ilichokiona mara ya mwisho. Vikilingana, tafsiri za zamani zinabaki. Na kizazi hupanda pale tu ufagio unapoombwa. Kuondoa `flush_tlb_mm` kulimaanisha kizazi hakipandi, kwa hiyo kerneli yenyewe ilikuwa inaihakikishia prosesa kwamba hakuna kilichobadilika.

Mfuatano ukawa huu. Uzi unaandika ukurasa. TLB ya kiini cha 2 inashika tafsiri yenye ruhusa ya kuandika na biti ya 6 iliyokwisha kuwashwa. Mchakato unagandishwa. Mwito unaondoa ruhusa kwenye jedwali na kuzima alama. Mchakato unaachiliwa, uzi unarudi kiini cha 2, unaandika tena. Prosesa inaona ruhusa ndani ya TLB, haina haja ya kwenda kwenye jedwali, hakuna ukatizo, alama haiwaki. Picha inayofuata inauruka ukurasa huo. Huduma ya Kisumu iko sawa kabisa wakati huo wote. Kosa litaonekana tu siku ya kurejesha Nakuru, tena kama leja inayokosa vipimo vichache katikati.

Pia alionyesha kwamba kerneli kuu ilishawahi kuanguka kwenye shimo hilihili. Toleo 5.6 la mwaka 2020 liliongeza mabadiliko ya kuepuka kufagia mara mbili: `tlb_finish_mmu` ikaacha kufagia pale ambapo hakuna ukurasa uliokusanywa ili uondolewe. `clear_refs` haiondoi kurasa, inabadilisha ruhusa tu, hivyo ufagio wake ukapotea kimyakimya. Will Deacon, msanidi wa kerneli, aliligundua, na marekebisho yakaingia mapema 2021 kwa kuita `flush_tlb_mm` waziwazi. Mwandishi wa kiraka alikuwa anaondoa mstari uleule uliokuwa umerudishwa kwa sababu maalumu. `git blame`, inayoonyesha badiliko lililoleta kila mstari, ingempeleka moja kwa moja kwenye maelezo hayo.

Kuhusu kufuli, alieleza hatari kubwa zaidi ya alama kupotea. Tuseme mwito unatembea kwa kufuli ya usomaji juu ya mchakato unaokimbia. Kiini cha 0 kimeondoa ruhusa lakini bado hakijafagia. Kiini cha 1, ambacho tafsiri yake haimo tena kwenye TLB, kinajaribu kuandika, kinakatizwa, na kerneli inaamua kunakili ukurasa. Kiini cha 2 bado kina tafsiri ya zamani na kinaandika kwenye ukurasa wa awali baada ya nakala kupita sehemu hiyo. Kisha jedwali linaelekezwa kwenye nakala. Maandishi ya kiini cha 2 yamepotea ndani ya mchakato unaokimbia, hata bila kurejesha picha yoyote. Ndiyo sababu tangu 5.11 njia ya kawaida hushika `mmap_lock` kwa uandishi muda wote, hadi ufagio umalizike.

La kurasa zilizobanwa lilikuwa fupi. Ukurasa ambao kifaa kinauandikia kwa DMA ukinyimwa ruhusa na kisha kunakiliwa, kifaa kinabaki kikiandikia ukurasa wa zamani na programu inasoma mpya. Kerneli ya 5.15 huziacha kurasa hizo zilivyo, zikiwa na alama yake, na kiraka kilipaswa kufanya vivyo hivyo.

## Jaribio lililopaswa kufeli

Mwandishi hakukubali mara moja, na alikuwa na haki: aliomba aone kufeli. Jibu la mkaguzi lilikuwa, "Sawa ndugu, tuandike jaribio linalofeli kwanza, halafu tutajadili."

Jaribio la mwanzo lilitenga MiB 64, kurasa 16,384, na kuziandika zote kwa mzunguko. Halikufeli. Hapa wengi wangekata tamaa na kusema hofu ilikuwa ya vitabuni. Lakini TLB haibebi tafsiri 16,384. Ngazi ya kwanza ya data kwenye prosesa nyingi za Intel ina nafasi 64 kwa kurasa za KiB 4, na ngazi ya pili, kwa mfano kwenye kizazi cha Skylake, ina 1536. Mzunguko mrefu ulikuwa unajifagia wenyewe.

Toleo la pili lilitumia kurasa 32 tu. Kurasa kubwa zilizuiwa kwa `MADV_NOHUGEPAGE`, kwa sababu ukurasa wa MiB 2 una alama moja kwa kurasa 512 na ungeficha matokeo. Uzi wa kuandika ulifungwa kwenye kiini cha 2, mfuatiliaji akiwa mchakato tofauti kwenye kiini cha 5. Uzi wa kuandika unaongeza kihesabu kwenye baiti 8 za kwanza za kila ukurasa na kusimama. Mfuatiliaji anaita mwito. Uzi wa kuandika unaongeza tena na kusimama. Mfuatiliaji anasoma vihesabu kwa `process_vm_readv` na biti ya 55 kwenye `pagemap`. Ukurasa ambao kihesabu kimepanda na biti ya 55 ni sifuri ndio kosa. Bendera ya kupeana zamu iliwekwa kwenye ukurasa wa pembeni unaoshirikiwa, usiohesabiwa, ili kuandika bendera kusichafue matokeo.

Kusimama kulifanywa kwa namna mbili: kwanza uzi ukizunguka bure bila kulala, kisha kwa kugandisha kupitia `cgroup.freeze` kama chombo halisi kinavyofanya. Kwenye seva yenye viini vingi na PCID, kiraka kilifeli kwa namna zote mbili. Kerneli ya kawaida haikufeli kwa yoyote.

Kulikuwa na udhibiti mmoja uliomaliza ubishi. Uzi wa kuandika na mfuatiliaji vilifungwa kwenye kiini kimoja, na seva ikawashwa kwa kigezo cha `nopcid`, kinachozima PCID. Kufeli kukatoweka. Bila kigezo hicho, kukarudi. Yaani mashine pepe ya majaribio ya kwanza haikuwa imethibitisha kiraka, ilikuwa inafagia TLB kwa niaba yake. Kwa kiini kimoja bila PCID, kila mara mfuatiliaji anapokimbia, kubadilisha CR3 kunafuta tafsiri za uzi wa kuandika.

## Maamuzi

Ufagio ulirudishwa, mara moja kwa kila mwito, baada ya kutembea kwenye jedwali na kabla ya kuachia kufuli. Mwandishi alipendekeza njia ya kati, kufagia kurasa zilizobadilishwa tu, moja moja. Ilikataliwa kwa hesabu. Kwenye x86 kerneli huacha kufagia ukurasa kwa ukurasa na kufagia vyote pindi safu inapozidi kurasa 33, kwa kiwango cha kawaida. Safu za leja zilikuwa za maelfu. Msimbo wa ziada ungeongeza tawi la kukosea bila kuokoa kitu, na ufagio mmoja wa viini vinavyohusika ni jambo la mikrosekunde chache.

Kufuli ikawa ya uandishi mwanzo hadi mwisho, na ukaguzi wa kurasa zilizobanwa ukaongezwa. Kurasa zilizohamishiwa diskini zilikuwa tayari zimeshughulikiwa vizuri, kwa vile alama yake huhifadhiwa ndani ya ingizo la diski.

Kiraka kiligawanywa vipande vitatu: kuhamisha msimbo uliopo bila kubadilisha tabia, kuongeza safu, na jaribio. Mkaguzi alisisitiza kipande cha kwanza kisibadilishe hata mstari mmoja wa tabia, ili atakayetafuta kosa kwa `git bisect` miezi ijayo asikutane na kipande kinachofanya mambo mawili.

## Kilichopenya

Pamoja na umakini huo, kosa moja lilipita raundi zote na kuingia tawi la majaribio.

Alama za kurasa si daftari pekee. Kila eneo la kumbukumbu lina bendera ya `VM_SOFTDIRTY`, inayowashwa eneo jipya linapotengwa. Inapokuwa imewashwa, `pagemap` hutangaza kurasa zote za eneo hilo kuwa chafu, yaani zilizobadilika, hata zisizo na ingizo kwenye jedwali. Kazi yake ni kukamata hali hii: programu inaachilia eneo, inatenga jipya palepale, bado haijaandika kitu. Yaliyomo zamani hayapo tena, sasa ni sifuri, na msomaji lazima ajue.

Kiraka kilizima bendera hiyo kwa kila eneo lililoguswa na safu, hata likiguswa kipande. Chombo cha picha nacho kilifanya kazi kwa mafungu ya MiB 256: soma `pagemap` ya fungu, nakili, zima, nenda fungu linalofuata. Fungu la kwanza lilipozimwa, bendera ya eneo zima ilizimika. Lilipofika fungu la pili, kurasa zilizoachiliwa na kutengwa upya hazikuwa na ingizo wala bendera, zikaonekana safi. Chombo kikabakiza nakala za picha ya zamani. Baada ya kurejesha, sehemu ambazo programu ilitarajia sifuri zilikuwa na vipimo vya asubuhi.

Lilikamatwa na jaribio la usiku linalorejesha picha na kulinganisha kila baiti na mchakato wa asili uliogandishwa. Ukaguzi usingelikamata kwa namna ulivyofanywa, kwa sababu msimbo wa chombo haukuwa mezani. Kiraka peke yake kilionekana kufanya kitu cha busara, na chombo peke yake pia.

Njia mbili zilijadiliwa. Kupasua eneo kwenye mipaka ya safu kulikataliwa: kerneli haiilinganishi bendera hii inapounganisha maeneo jirani, hivyo mpasuko usingedumu, na idadi ya maeneo ina ukomo, 65,530 kwa kawaida. Uamuzi ukawa kwamba mwito urudishe kosa la `-EINVAL` safu isipolingana na mipaka ya maeneo. Chombo kikabadilishwa kisome `/proc/PID/maps` baada ya kugandisha, kinakili eneo zima, ndipo kizime mara moja.

Hilo lilifichua jambo jingine. Leja na akiba zilikuwa zimetengwa bega kwa bega kwa ruhusa sawa, na kerneli ilikuwa imeziunganisha kuwa eneo moja. Mwito wa eneo zima ungezigusa tena zile GiB 4. Huduma ikawekewa ukurasa mmoja wa `PROT_NONE`, usioruhusu kusomwa wala kuandikwa, katikati, baiti 4096 tu, na maeneo yakatengana.

## Matokeo

Kiraka kiliingia kwenye seva zote mbili. Akiba hailipi tena ukatizo baada ya kila picha, na picha zinahusu kurasa zisizozidi 524,288 za leja. Faida yote ilitoka kwenye safu. Kuondoa ufagio, ambako mwandishi aliamini ndiko kwenye nusu ya faida, hakukuonekana hata kwenye vipimo vya mwisho.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichosaidia zaidi ni kusoma maelezo ya kiraka kama orodha ya madai yanayohitaji ushahidi. Sentensi moja iliyosema "zitajifuta zenyewe" ilibeba uzito kuliko msimbo wote, na ilikuwa kweli kwa prosesa za zamani. Kwenye `mm/`, dai linalohusu tabia ya prosesa linapaswa kutaja prosesa gani na hali gani. Likikosa hilo, linarudishwa kwa mwandishi hata kabla ya kusoma mstari wa kwanza.

Jaribio la kurasa 32 lilifanya kazi kwa sababu lilibuniwa kutokana na utaratibu wa kosa. Lile la MiB 64 lilitokana na wazo kwamba kikubwa ni kikali zaidi. Kwa makosa ya TLB ni kinyume. Kurasa chache, viini vilivyofungwa, na kerneli ya kawaida pembeni kuonyesha kwamba jaribio lenyewe si bovu.

Raundi ya kwanza ilishindwa, lakini si kwa uvivu. Mkaguzi alikuwa na matokeo safi mkononi na hakuwa na desturi ya kuuliza yalipatikana wapi. Sasa kila kiraka cha `mm/` kinaambatishwa na matokeo ya `lscpu`, yanayoeleza prosesa ya mashine ya jaribio, na matokeo ya kiini kimoja hayakubaliwi kwa chochote kinachobadilisha ruhusa za kurasa.

Ukaguzi wa kerneli bila msomaji wake ndio udhaifu uliobaki wazi zaidi. Mwito mpya ni mkataba wa pande mbili, na kosa la bendera lilikaa katikati yao. Ni afadhali mkaguzi awe na kurasa mbili za chombo kinachouita kuliko kurasa kumi za historia ya `mm/`. Pia aamue mapema makosa yaelekee upande gani: ukurasa safi ukitangazwa mchafu, unapoteza sekunde kidogo kwenye waya wa kwenda Nakuru, ukurasa mchafu ukitangazwa safi, umeharibu leja ya mkulima. Kila tawi la msimbo lenye shaka linapaswa kuangukia upande wa uchafu.

Kiraka hakitahamishwa kama kilivyo kwenda matoleo mapya. Kuanzia 6.4 ukatizo wa ukurasa unaweza kushughulikiwa kwa kufuli ya eneo moja bila kugusa `mmap_lock`, kwa hiyo kuishika kwa uandishi peke yake hakumzuii tena kila mtu, na anayetembea kwenye jedwali lazima afunge na maeneo yenyewe. Kiendeshi cha diski kikipatikana kwa toleo la 6.7 au la juu zaidi, timu itajaribu `PAGEMAP_SCAN` kwanza, kwa jaribio lilelile la kurasa 32.